Mwanamke mwenye mizani na upanga: sanamu ya haki ilitoka wapi, na inatuahidi nini?

Mwanamke amesimama wima. Mkono mmoja ameshika mizani ya sahani mbili, mkono wa pili ameshika upanga, na macho yake yamefungwa kitambaa. Wengi wetu tumeshaiona picha hii. Ipo kwenye ofisi za mawakili na kwenye majalada ya vitabu vya sheria. Huonekana kwenye televisheni mtangazaji anaposoma habari za mahakamani, na siku hizi hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp kila inapotajwa kesi kubwa.

Lakini huyu mama ni nani? Amefungwa macho, sasa atahukumuje? Na kama kazi yake ni kupima haki, upanga ni wa nini?

Katika makala haya tunaeleza picha hiyo ilikotoka na maana ya kila kitu alichoshika. Tutaanza mbali, Misri na Ugiriki ya kale, kisha tutarudi nyumbani Tarime na Serengeti. Tunafanya hivyo kwa sababu picha hii si pambo tu. Kila kifaa chake ni ahadi, na mwananchi anayeingia Mahakama ya Mwanzo na kesi ya shamba, ya mirathi au ya binti yake anaweza kuidai ahadi hiyo.

Misri: moyo unapimwa kwa unyoya

Maji ya Mto Mara, tunayoyatumia sisi na mifugo yetu, huingia Ziwa Victoria. Kutoka ziwani maji husafiri na Mto Nile mpaka Misri. Huko chini ya mto ndiko tunakokuta moja ya picha za kale kabisa za haki yenye sura ya mtu.

Wamisri wa kale walimwita Maat. Alikuwa mungu wa kike wa ukweli, haki na utaratibu wa dunia, na kichwani alivaa unyoya mmoja wa mbuni. Wamisri waliamini kwamba mtu akifa, moyo wake huwekwa kwenye sahani moja ya mizani na unyoya wa Maat kwenye sahani ya pili. Moyo ukilingana na unyoya, mtu huyo amepona. Moyo ukielemewa na maovu, kuna mnyama amekaa pembeni akisubiri kuumeza. Mnyama huyo ana kichwa cha mamba, kifua cha simba na sehemu ya nyuma ya kiboko. Msikilizaji wa kando ya Mto Mara hahitaji kuelezwa kwa nini Wamisri waliwachagua hao watatu.

Mchoro maarufu wa upimaji huo umo katika gombo la mafunjo la mtu aliyeitwa Ani. Lilichorwa yapata mwaka 1250 kabla ya Kristo, na leo limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Kwa hiyo mizani kama alama ya hukumu ina zaidi ya miaka 3,000.

Alama hiyo imo pia katika vitabu vya dini tunavyovijua. Katika Biblia, kitabu cha Danieli sura ya 5, mfalme Belshaza anaambiwa amepimwa katika mizani naye ameonekana amepungua. Katika Kurani, sura ya Ar-Rahman inawaonya watu wasipunje katika mizani.

Ugiriki: mkulima aliyedhulumiwa urithi

Yapata mwaka 700 kabla ya Kristo, katika kijiji kiitwacho Ascra nchini Ugiriki, aliishi mkulima aliyekuwa pia mshairi, jina lake Hesiod. Baba yake alipofariki, mali iligawanywa kati yake na ndugu yake Perses. Hesiod anasimulia kwamba Perses alichukua zaidi ya fungu lake, akawapa zawadi wakubwa waliokuwa wakiamua kesi, nao wakaegemea upande wake.

Kesi ya namna hiyo ni ya kale, lakini haijaisha. Mabaraza yetu ya ardhi yanaijua vizuri.

Katika shairi lake, Hesiod anaizungumzia haki kama msichana. Jina lake ni Dike, binti wa Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, na mama yake ni Themis, mungu wa kike wa desturi na utaratibu uliowekwa tangu zamani. Wakubwa wanapokula rushwa na kutoa hukumu iliyopinda, Dike huburutwa njiani kama msichana anayechukuliwa kwa nguvu. Kisha huenda kukaa karibu na baba yake na kumweleza waliyotenda, na mji mzima huadhibiwa kwa makosa ya wachache.

Mshairi mwingine wa Kigiriki, Aratus, aliyeishi karne ya tatu kabla ya Kristo, anasimulia kwamba Dike alikaa na watu hapo zamani walipokuwa waadilifu. Walipoharibika akaondoka duniani, akawa kundi la nyota. Ni kundi ambalo wanajimu wa Kiswahili huliita Mashuke, na jirani yake angani ni kundi liitwalo Mizani.

Tumekaa kidogo kwa Hesiod kwa sababu moja. Kati ya maandishi ya kale ya Ulaya yanayoichora haki kama mwanamke, haya ni miongoni mwa ya kwanza kabisa, na hayakutoka kwa mfalme wala kwa jaji. Yalitoka kwa mkulima aliyeona amenyimwa haki yake.

Roma: jina, sarafu na mizani ya sokoni

Warumi waliichukua sura hiyo wakaiita Iustitia. Neno la Kiingereza linalotumika kwa haki limetokana na jina hilo. Hekalu la Iustitia liliwekwa wakfu mjini Roma tarehe 8 Januari mwaka 13 baada ya Kristo, wakati wa Kaisari Augustus. Miaka michache baadaye, chini ya Kaisari Tiberius, jina na sura yake vikaonekana kwenye sarafu. Watawala walitaka kila anayeshika fedha aone kwamba serikali yao ni ya haki. Kama kweli ilikuwa ya haki, hilo ni suala jingine.

Warumi walikuwa pia na mwanamke wa pili wa aina hiyo, Aequitas, yaani usawa. Yeye ndiye aliyechorwa kwenye sarafu akiwa na mizani mkononi, na mkono wa pili ameshika pembe iliyojaa mazao. Mizani yake ilihusu fedha na biashara: kwamba sarafu ina uzito wake kamili na mnunuzi hapunjwi. Baada ya muda mrefu sura hizo mbili zikaungana, na Iustitia akabaki na mizani.

Sasa tuviangalie vifaa vyake kimoja kimoja.

Mizani: pande zote mbili ziwekwe

Mkulima wa pamba wa Serengeti na wa kahawa wa Tarime anajua mizani kuliko mwanasheria. Anajua kwamba kabla ya kupima, mizani lazima isimame kwenye sifuri. Anajua pia kwamba mzigo ukishawekwa, hakuna anayeruhusiwa kuegemeza mkono. Wakala wa Vipimo huikagua mizani na kuiwekea alama, kwa sababu mizani iliyochezewa huiba kwa kila mtu na kila siku, bila kelele.

Mizani ya mahakamani hufuata kanuni zilezile. Kuanza kwenye sifuri maana yake mshtakiwa hahesabiwi kuwa mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Kuwa na sahani mbili maana yake kila upande unasikilizwa. Haya yamo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 13. Ibara hiyo inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na inaweka haki ya kusikilizwa na haki ya kukata rufaa.

Wakati mwingine kinachopimwa ni sheria yenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimtaka mvulana afikishe miaka 18 ndipo aoe, lakini ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mwanasheria Rebeca Gyumi aliipeleka sheria hiyo Mahakama Kuu, akisema sahani zake mbili hazilingani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vivyo hivyo: kuwawekea wasichana na wavulana umri tofauti ni ubaguzi, na vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba.

Kuna jambo jingine ambalo mizani inatufundisha, na hapa ndipo mkoa wetu unapoguswa. Mizani haipimi kitu ambacho hakikuwekwa. Hakimu hawezi kwenda kijijini kutafuta mashahidi. Yeye hupima kile kilicholetwa mbele yake.

Fikiria kesi ya binti wa shule aliyepewa mimba. Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Lakini familia mbili zinakutana usiku, wanakubaliana idadi ya ng'ombe, na siku ya kesi mama wa binti haonekani, shangazi haonekani, na binti amepelekwa kwa ndugu ng'ambo ya mpaka. Sahani ya upande wa mashtaka inabaki tupu. Hakimu akimwachia mshtakiwa, watu husema mahakama imenunuliwa. Inawezekana hakuna aliyemnunua hakimu. Walionunuliwa ni mashahidi, na bei yao ililipwa kwa mifugo.

Ni vizuri kuelewa kwamba kosa la jinai si mali ya familia. Ndiyo maana kesi hizo huitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Baba hana mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya Jamhuri, wala ng'ombe waliopokelewa hawafuti kosa.

Ni vizuri pia kujua kwamba neno la mtoto lina uzito katika mizani hii. Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi bila kula kiapo, akiahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Katika kesi za makosa ya kujamiiana, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Upanga: hukumu lazima itekelezwe

Katika Ulaya ya zama za kati upanga ulikuwa alama ya mamlaka ya mtawala, na hivyo ukaingia mkononi mwa haki. Maana yake ni kwamba hukumu isiyotekelezwa ni maneno matupu. Mahakama ikisema shamba ni la mjane, lazima kuwe na nguvu ya kumwondoa aliyelivamia.

Upanga una maana ya pili. Nguvu hiyo imeshikwa na haki, haijashikwa na mlalamikaji. Mtu aliyeibiwa ng'ombe haruhusiwi kuchukua panga lake mwenyewe na kwenda kumaliza kesi porini. Sisi wa Tarime tunajua jinsi kisasi cha mifugo au cha mpaka wa shamba kinavyoweza kugeuka kuwa vita vya koo, watu wakachomewa nyumba kwa kosa ambalo hawakulifanya.

Mchoraji Giotto wa Italia alilieleza jambo hili ukutani, katika kanisa dogo mjini Padua, miaka ya 1300 mwanzoni. Upande mmoja alimchora Haki, mwanamke ameketi na mizani. Chini yake watu wanasafiri na kucheza ngoma kwa amani. Ukuta wa pili, akimtazama, yupo Dhuluma. Huyu ni mwanamume aliyeketi kwenye lango lililobomoka, miti imeota mbele yake, na chini yake majambazi wanamvamia msafiri msituni. Fundisho lake ni rahisi: ukitaka kujua kama haki ipo, angalia kama njia inapitika.

Upanga unaweza pia kuwa butu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika Mkoa wa Mara asilimia 32 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa Tanzania nzima ilikuwa asilimia 10. Kila msimu wa tohara unapofika, mara nyingi mwezi Desemba, wasichana wa Tarime na Serengeti huendelea kukimbilia nyumba salama, kama zile za Masanga na Mugumu. Sheria ipo, lakini inahitaji mtu wa kutoa taarifa na mtu wa kusimama kutoa ushahidi.

Kitambaa: kilianza kama dhihaka

Wengi hudhani haki ilifungwa macho tangu mwanzo. Sivyo. Maat, Themis, Dike na Iustitia wote walikuwa wanaona. Washairi wa kale walimsifu Dike kwa sababu hakuna kitu kilichofichika machoni pake.

Kitambaa kinaonekana mwaka 1494, katika kitabu kilichochapwa mjini Basel, ambao leo uko Uswisi. Mwandishi wake, Sebastian Brant, alikuwa mwanasheria. Aliandika kitabu cha kuwacheka wajinga wa kila aina, na kimoja kati ya vichekesho vyake kilihusu watu wanaopenda kesi zisizo na msingi. Katika mchoro wa sehemu hiyo, Haki ameketi na mizani na upanga wake, na nyuma yake mjinga anamfunga kitambaa machoni. Ilikuwa dhihaka. Mchoraji alitaka kusema kwamba mahakama zimezibwa macho, hazioni tena ukweli.

Lakini ndani ya miaka 50 maana ikageuka. Mwaka 1543 mji wa Bern, hukohuko Uswisi, ulijenga chemchemi ya maji barabarani yenye sanamu ya Haki aliyefungwa macho, na safari hii kitambaa kilikuwa sifa. Miguuni pake wamewekwa wakubwa wanne wa dunia ya wakati ule: Papa, Kaisari, Sultani na kiongozi wa mji. Haki amesimama juu yao na hawaoni, yaani hajali ni nani aliye mbele yake.

Kwa hiyo kitambaa kina maana mbili, na zote mbili bado zipo. Yupo hakimu asiyetazama sura: hajui na hataki kujua kama huyu ni diwani, mwenye ng'ombe 300, wa ukoo wake au wa ukoo mwingine. Na yupo hakimu asiyetazama ushahidi. Wa kwanza ndiye aliyeahidiwa na sanamu ya Bern, na wa pili ndiye aliyechekwa na kitabu cha Basel.

Waswahili wanalo neno kwa hali hii: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Kama hakimu ana undugu na upande mmoja, au ana maslahi katika jambo linaloamuliwa, mhusika anaweza kumwomba ajiondoe, akieleza sababu zake. Vilevile kitambaa hakimkatazi hakimu kuona yanayostahili kuonwa. Katika mgogoro wa mpaka wa shamba, mahakama inaweza kwenda hadi eneo lenyewe kuangalia miti, mawe na njia zinazotajwa.

Mbona ni mwanamke?

Sababu ya kwanza ni ya lugha. Kigiriki na Kilatini hugawa majina kuwa ya kiume na ya kike, kama sisi tunavyoyagawa katika ngeli. Neno la haki katika lugha hizo liko upande wa kike, na waliotaka kuipa sura ya mtu wakachora mwanamke. Kwetu haki iko katika ngeli moja na kalamu, nyumba na njia. Tunasema haki imetendeka, au haki zimevunjwa. Lugha yetu haikutulazimisha kuifikiria haki kama mama wala kama baba.

Lakini kuna ukweli unaouma. Ugiriki na Roma waliomchonga mwanamke kuwa alama ya haki hawakumruhusu mwanamke wa kawaida kuwa hakimu. Alitukuzwa akiwa jiwe na kunyamazishwa akiwa mtu. Hapa Tanzania mwanamke wa kwanza kuwa jaji, Julie Manning, aliteuliwa miaka ya 1970. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Inataka pia Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na wasiopungua watatu kati yao wawe wanawake. Ukifika barazani ukakuta wanaume watupu, una haki ya kuuliza hao watatu wako wapi.

Aliingiaje nchini kwetu?

Picha hii ililetwa na ukoloni. Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, amri ya Mfalme ya mwaka 1920 iliweka msingi wa Mahakama Kuu, pamoja na sheria na desturi za mahakama za Kiingereza. Huko kwao, juu ya paa la mahakama kuu ya jinai ya London iitwayo Old Bailey, iliyofunguliwa mwaka 1907, kuna sanamu ya dhahabu ya mwanamke mwenye upanga na mizani. Sanamu hiyo haina kitambaa machoni.

Hapa Tanganyika haki ya mkoloni ilitazama rangi. Kesi za Waafrika zilikuwa na mahakama zake, chini ya machifu na maofisa wa utawala, na za Wazungu zilikwenda kwingine. Mpangilio huo wa njia mbili ulifutwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, baada ya uhuru. Tangu hapo ngazi ni moja kwa wote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu, ambayo kwetu iko Musoma, na juu yake Mahakama ya Rufani.

Babu zetu hawakuichonga haki kama mtu mmoja. Kwa Wakurya haki ilionekana katika mkutano wenyewe, ritongo, ambamo watu walikaa mahali pa wazi, mlalamikaji akasema, mlalamikiwa akajibu, na jamii ikashuhudia. Wazee wa mila, inchama, walikuwa na mamlaka makubwa. Ndani ya mpango huo kulikuwa na hazina: maneno yalisemwa hadharani, kwa lugha ya wote, na lengo lilikuwa kuwarudisha watu pamoja. Kulikuwa na upungufu pia: sauti ya mwanamke na ya kijana haikuwa na uzito uleule.

Afrika Kusini ilipounda Mahakama ya Katiba baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi, haikumchagua mwanamke mwenye upanga. Nembo yake ni mti, na watu wamekaa chini ya kivuli chake, kukumbusha mahali ambapo wazee wa Kiafrika waliamulia kesi. India nayo, Oktoba 2024, iliweka katika Mahakama yake ya Juu sanamu mpya ya Haki iliyo na macho wazi. Mizani imebaki, lakini badala ya upanga ameshika Katiba. Kwa hiyo sura ya haki bado inabadilika, na kila nchi huchagua ahadi inayotaka kuiweka mbele.

Katiba yetu imeziandika ahadi hizo kwa maneno. Ibara ya 107A inazitaka mahakama zitende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, zitoe fidia inayostahili, zikuze usuluhishi, na zisifungwe mno na mambo ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki.

Ukisimama mbele ya mizani: mambo ya kukumbuka

Lugha. Mahakama ya Mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini. Usipoelewa jambo, omba ufafanuliwe.

Ushahidi. Tunza kila kitu: hati ya mauzo ya shamba, kadi ya kliniki ya mtoto inayoonyesha umri wake, fomu namba 3 ya polisi (PF3), majina ya walioona. Ukiitwa kuwa shahidi, nenda.

Kesi ya jinai dhidi ya mtoto haimaliziki kwa kikao cha familia. Taarifa za ukatili dhidi ya watoto hupokelewa bure kwa namba 116, na pia katika dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

Rushwa. Ukiombwa chochote ili mizani iegemee upande wako, au ukisikia mwenzako ametoa, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia bure wasio na uwezo. Uliza katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako.

Rufaa. Usiporidhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo, unaweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Siku hizo hupita haraka, hasa wakati wa kilimo, kwa hiyo omba nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa.

Na ukimwona tena yule mama kwenye picha, mweleze mtoto aliye karibu nawe kwa nini ameshika mizani, kwa nini ana upanga na kwa nini amefungwa macho. Mwambie pia kwamba siku moja anaweza kuitwa kuweka neno lake kwenye ile sahani, na siku hiyo akifika atakuwa amefanya sehemu yake.